Linux Yetu na Panga Nililolinoa

Wapendwa, asanteni kwa kunipisha mbele katika kikao chetu cha kila wiki hapa kanisani. Mimi si mtu wa kuongea. Alama hii inayotoka sikioni mpaka kidevuni, na vidole hivi visivyokunjika, wengi mmeniuliza kwa upole na mimi nimekuwa nikijibu kwamba nilianguka na pikipiki. Sikuanguka na pikipiki. Leo nitasema, na nitasema kwa Kiswahili ili sisi Wajaluo na ndugu zetu Wakuria tusikie pamoja. Majina ya watu mtaniruhusu nisitaje.

Nilikuwa na saiba, duka la intaneti, hapa Migori mjini, chumba kidogo chenye kompyuta kuukuu. Marafiki zangu walikuwa wawili: mwalimu wa kompyuta kutoka kisiwa cha Mfangano, na dada mmoja wa Kehancha anayeandika programu. Shida yetu ilikuwa moja. Mashine za shule zilikuwa zimechoka, zimejaa virusi, na mfumo uliokuwa ndani ulikuwa nakala ya wizi. Nakala hizo zote zilitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini. Ikiharibika, unarudi kwake. Ikiharibika tena, unarudi kwake.

Basi tukaamua kutengeneza Linux yetu. Kwa wale wasiojua, Linux ni mfumo wa kuendesha kompyuta ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuubadilisha na kuugawa. Hatukutaka kuanzia sifuri, hiyo ni kazi ya maisha. Tulipanga kuchukua Linux moja iliyokomaa, ambayo ipo tayari, tupunguze vitu vizito, tuongeze Kiswahili, Dholuo na Kikuria, na tuhakikishe mtu wa kisiwani ambaye hana intaneti anaweza kuletewa masasisho kwa flashi. Tulikuwa tukikutana Jumamosi. Tunabishana, tunacheka. Ndugu zangu, nawaambia, sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Jumamosi moja mchana tulikuwa tunabishania jina. Dada alikuwa ametoka kufuata chai. Wanaume wakaingia, mmoja akafunga mlango kwa ndani.

"Nyinyi ndio mnataka kugawa bure?" akauliza.

Mwalimu alidhani ni wateja. Akainuka huku anatabasamu. "Ndio sisi, karibuni."

Rungu lilimpata kwenye jicho. Nilisikia ile sauti, na bado naisikia. Alianguka juu ya meza, kompyuta ikamwangukia. Mimi niliinua mkono kujikinga, panga likapita kwenye vidole, pigo la pili likanipata shavuni. Mwenye panga alikuwa mwanamume mpana, amevaa fulana ya kijani, na alikuwa anahema kama mtu anayekata miwa. Uso wake niliushika akilini. Waliponda kila kioo, wakamwaga petroli, wakawasha, wakatoka. Nilimburuta mwalimu kwa kola ya shati nikipitia mlango wa nyuma, damu yangu inamdondokea usoni.

Dada alitukuta barabarani. Ndiye aliyetupakia kwenye gari.

Mwalimu alilazwa Homa Bay. Jicho halikuokoka. Mimi nilishonwa, nikarudi nyumbani, na hapo ndipo nilipoanguka kweli. Sikuwa nalala. Mke wangu akiweka chakula, naona fulana ya kijani. Mtoto akiangusha kikombe, naruka. Nilinunua panga jipya sokoni, nikawa nalinoa nyuma ya nyumba kila asubuhi. Mke wangu akaniuliza, "Unanoa kwa ajili ya nini, na shamba hatuna?" Nikaendelea kunoa. Akawachukua watoto akaenda kwao. Simlaumu.

Sasa sikilizeni. Mwalimu akiwa bado amefungwa bandeji alituita wodini. Nilidhani ni kuagana. Kumbe alitaka tuendelee kupanga. Nikawaambia sawa, lakini nina sharti: kwenye masharti ya matumizi tuandike kwamba yule mfanyabiashara na watu wake hawana ruhusa kuigusa Linux yetu.

Dada akatikisa kichwa. "Leseni ya Linux tunayojengea juu yake hairuhusu hivyo. Na hata ingeruhusu, ukishamtoa mmoja, kesho utamtoa nani?"

"Wewe hukukatwa!" nikampigia kelele. Wagonjwa wakageuka.

Mwalimu akasema polepole, "Mimi nimepoteza jicho, jatelo, kiongozi wangu. Na mimi nasema hapana."

Nilipiga teke kiti nikatoka. Niliwatukana maneno ambayo siwezi kuyarudia humu kanisani.

Baadaye nikapata habari kwamba yule wa fulana ya kijani anapakia miwa kwenye malori huko Awendo. Nikafunga panga langu kwenye gunia, nikaenda.

Nilipofika nikakuta watu wamejaa, vumbi linapaa, mawe yanaruka. Nikapenya. Katikati alikuwa yeye. Walisema ameiba pikipiki. Shati lilikuwa limechanika, mguu umepinda vibaya, na tairi la kumchomea lilikuwa tayari shingoni. Mtu mmoja aliyenifahamu akapaza sauti, "Huyu fundi ndiye alikatwa na hawa! Mwacheni aanze yeye!"

Wakanipisha. Wapendwa, walinipisha vizuri kabisa, kama mnavyonipisha leo. Nikatoa panga.

Nilikuwa nimeiota siku hiyo. Katika ndoto alikuwa analia, ananiomba msamaha, na mimi nakataa. Lakini pale hakuomba msamaha. Aliniangalia usoni, akaangalia alama yangu, akajua mimi ni nani. Akasema, "Omera, nega piyo." Ndugu yangu, niue upesi.

Hakuwa na la kunipa. Nilichokuwa nimekitafuta miezi yote kwa mtu huyo, hakuwa nacho. Alikuwa amechoka tu, anataka iishe. Na mimi nilikuwa nimechoka hivyo hivyo.

Nikalitupa panga nyuma yangu. Nikamvua tairi. "Huyu ni wangu," nikasema, "anaenda polisi."

Jiwe likanipata mgongoni. Jingine kichwani. "Hata huyu ni mwenzao!" wakapiga kelele. Nikamlalia juu. Nilisikia mbavu zangu zinalia. Sikuwa shujaa, niliogopa mpaka nikajikojolea. Ndipo mama mmoja aliyekuwa anauza dagaa wa omena akaja na sinia lake, akasimama juu yetu, akawafokea wale vijana mmoja mmoja akitaja mama zao. Waliposita, akina mama wengine wakaja. Polisi wakafika.

Yule mtu aliishi. Mguu mmoja ulikatwa. Akiwa hospitalini alimtaja aliyewatuma, yule mfanyabiashara, na kesi bado iko mahakamani. Hajawahi kuniomba msamaha, na sisi si marafiki. Sitaki kuwadanganya.

Nilienda kwa mwalimu na dada, kichwa kimefungwa. Dada alinisogezea kiti, akasema, "Tulikuwa tumefika kwenye kuchagua fonti za herufi." Basi. Tukaendelea. Linux yetu ilitoka, na sasa inaendesha mashine za Mfangano, za Kehancha, na hata za Awendo. Mwezi uliopita niliambiwa duka la yule mfanyabiashara, ambalo sasa linasimamiwa na ndugu yake, linawawekea wateja mfumo wetu. Nilikaa chini kwanza. Niliumia. Halafu nikarudi kazini, maana kulikuwa na kosa la sauti kwenye aina moja ya kompyuta kuukuu, na kama wateja wake wanazo, watahitaji lirekebishwe.

Nawashukuru mwalimu na dada, waliokataa neno langu bila kunikataa mimi. Namshukuru mama wa omena, ambaye mpaka leo haniuzii, ananipa tu. Namshukuru mke wangu, aliyerudi. Nawashukuru nanyi, mlionisikiliza wiki baada ya wiki nikidanganya habari za pikipiki, na hamkunisukuma.

Nilichojifunza ni hiki: hasira ukikaa nayo peke yako itakuambia kwamba ni wewe na yeye tu duniani. Tafuta sauti nyingine, hata kama utaitukana.

Naona kuna mgeni karibu na mlango, amekaa na koti lake. Karibu sana. Si lazima useme kitu. Chai iko pale nyuma, na bado ina moto.