Winifred Coggins na Neno Lililokosa Shahidi wa Pili

Winifred Mary Coggins alizaliwa tarehe 9 Februari 1934 kijijini Upper Sorrel, karibu na Banbury, mtoto wa pili na wa mwisho wa mchunga kondoo Amos Tustain na mkewe Edith.

Alisoma shule ya kijiji hadi mwaka 1948. Siku moja aliandika katika insha kwamba mama yake alipolazwa, nyumba ilikuwa "unked". Mwalimu akalikata kwa wino mwekundu.

"Hilo si neno, Tustain."

"Ni neno, mwalimu. Mama hulisema."

"Basi mama yako naye arudi shule!"

Darasa zima likaangua kicheko. Winifred hakucheka, na tuseme ukweli, hakusamehe.

Mwaka 1951 aliajiriwa Oxford, katika kiwanda cha kuchapa vitabu, kazi ya kusahihisha. Alidumu hapo miaka arobaini na mitatu. Wenzake wakinywa chai, yeye alilisaka neno lake katika vitabu vya kale. Aligundua kwamba hapo zamani lilimaanisha kitu kisichojulikana tu, kisha kitu kigeni, kisha cha kutisha, na mwishowe, vijijini kwao, mahali palipopooza kwa kukosa mtu. Neno jingine la ukoo huohuo, "uncouth", lilihamia mjini likageuka tusi la kumwita mtu asiye na adabu. Hilo lilimchekesha mno.

Tarehe 14 Juni 1958 alifunga ndoa na Reuben Coggins, mfanyakazi wa reli. Hawakujaliwa watoto. Mkewe akichelewa, Reuben alimsubiri mlangoni: "Ulipotelea wapi, mama? Nyumba unked hii!" Reuben alifariki mwaka 2009. Tangu hapo Winifred alilisema neno hilo peke yake, na aliumia.

Mwaka 2016 aliwaandikia watunga kamusi waliolitia alama ya neno lililokufa. Walimjibu kwa heshima: atafute mtu wa pili anayelitumia bado, hata mmoja. Akabisha hodi kijiji kizima alikozaliwa, akaambulia biskuti tu. Mwishowe akamgeukia Hazel, binti wa marehemu kaka yake.

"Liseme tu, mwanangu, nikuandike."

"Shangazi, si nitakuwa nadanganya? Mimi husema upweke, basi."

"Upweke ni wa mtu. Mimi naisema nyumba." Akaweka kalamu chini. "Lakini kweli, ushahidi wa uongo siutaki."

Novemba 2018 alipata kiharusi, akapoteza usemi. Alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 3 Machi 2019, akiwa na umri wa miaka 85.

Ameacha mpwa mmoja, Hazel, jirani yake Bi. Olive Pratley, na paka mzee.

Jumanne iliyopita Hazel alikwenda kuchukua gauni la kumvika shangazi yake. Aliposimama peke yake sebuleni kwa marehemu, neno lile lilimtoka lenyewe, kwa sauti, bila kulitafuta. Safari hii hakudanganya. Hapakuwa na mtu wa kumwandika.

Mungu amlaze Winifred penye watu.