Tarehe Mbili za Mama Vifungo

Ndugu, jamaa na majirani, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Vifungo, na naomba mnivumilie nikitaja tarehe, kwa kuwa tarehe ndizo zilizomchosha.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Aprili 1959, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano, akasoma shule ya msingi tangu mwaka 1967 hadi 1973, kisha akafundishwa ushonaji na shangazi yetu. Tarehe 3 Septemba 1992 alivuka mpaka kuja nchi hii, na karani wa mpakani, alipoona hana cheti cha kuzaliwa, hakumuuliza neno, alimwandikia tarehe 1 Januari 1959, kama alivyowaandikia wenzake wote wasio na cheti, hata ikawa karibu basi zima limezaliwa siku moja.

Februari 1993 aliajiriwa katika kiwanda cha sare za shule, akashona humo miaka ishirini na minane, na kila mtoto aliyepita mlangoni pake na shati lisilo na kifungo alisimamishwa akashonewa palepale, ndipo jina likamkaa. Tarehe 22 Juni 1996 alifunga ndoa na fundi kufuli, mgeni mwenzake, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa binti mmoja, ambaye tuko naye hapa.

Mwaka 2016 alianza kujiandaa kuomba uraia, kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, hakutaka kufa mgeni. Maswali mia moja ya mtihani aliyabandika ukutani juu ya cherehani, akayakariri huku akishona, watoto wa jirani wakimsahihisha, na siku moja akampima muuza nyama wetu, raia wa kuzaliwa, aliyekosa saba kati ya kumi, na marehemu akamshauri arudi darasa la kwanza.

Kilichomkwamisha si mtihani. Mama yetu alikuwa amemtumia kutoka nyumbani kadi ya kliniki yenye tarehe yake ya kweli, marehemu akaijaza tarehe hiyo kwenye fomu, na fomu ikarudishwa kwa kuwa haikulingana na ile ya mpakani. Binti yake akamsihi, "Mama, andika tu Januari, ukishapata uraia utazaliwa siku unayotaka." Marehemu alicheka mpaka akaweka mkasi chini, kisha akajibu, "Siku hiyo mama yangu alikuwepo, karani hakuwepo. Nitaapaje mbele ya watu, na mstari wa kwanza ni uongo?"

Dirisha namba nne la ofisi ya uraia walitaka kadi igongwe muhuri, ikagongwa, wakataka itafsiriwe, ikatafsiriwa, na mwaka 2022 wakamwambia muhuri umepitwa na muda, ilhali faili lilikuwa limelala miaka miwili katika kabati lao wenyewe. Tumeshauriwa kwamba msibani si mahali pa hasira, tumesikia, na hasira tumekuja nayo, maana aliyewavisha watoto wa mji huu waende shule aliambiwa kila mara arudi wiki ijayo.

Oktoba 2023 alianza kuugua figo, akalazwa Januari, na wodini aliomba aletewe karatasi ya maswali asije akasahau. Alifariki Jumanne, tarehe 19 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minne, au sitini na mitano kwa hesabu ya dirisha namba nne.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumuuliza katoka wapi, majirani waliopokezana kukaa naye, na washonaji wenzake walioishona sanda yake kwa mikono yao. Dirisha namba nne hatuna la kuwashukuru.

Kibali cha mazishi tulichopewa jana kimeandikwa tarehe 1 Januari, na tumeambiwa hakibadilishwi, lakini kibao cha kaburi hakiombewi fomu, tumekiandika wenyewe: Jumanne, 14 Aprili 1959.

Pumzika kwa amani, dada, mwenyeji wetu.