Swali Kabla ya Hadithi

Ndani ya Probox ya kwenda Laare, mzee mwenye kofia ya sufu alimuuliza mwalimu aliyeketi kati yetu, akiwa amepakata vitabu vya kusahihisha, "Unashukia wapi, madam?" Mwalimu akasema ni kwa daraja. Basi mzee akaanza kusimulia habari za mwanamke anayeita watu kwa jina la ubatizo kutoka kwenye migomba, pale pale darajani. Ukigeuka huoni mtu, ila kwenye tope kuna nyayo za pili kando ya zako.

Mwalimu akamkazia macho. "Mzee, ningesema nashukia sokoni, huyo mama angekuwa wapi?"

"Sokoni," mzee akajibu bila haya. "Kwani wewe ungeogopa mama wa Mombasa?"

"Kumbe ni uongo!"

"Sijasema ni uongo. Nimesema hadithi ya kutisha lazima ijue kwako."

Gari likasimama darajani. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Mwalimu akaitazama migomba, kisha akamwambia dereva, "Songa kidogo, hadi hapo kanisani."

Aliposhuka, mzee akanigeukia akitabasamu. "Na wewe, ndugu yangu, unashukia wapi?"

Nikamtajia kwa jirani ambaye hatusalimiani naye.