Seli Zile Hazikuwa za Polisi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, wachungaji na mapadre mliopo, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, na wewe Daktari Fides Nzunda, ambaye tumekusanyika hapa Tunduma kukuaga unapostaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya maabara: shikamooni wanaostahili, na wengine hamjambo.

Mshereheshaji amenitambulisha kama Anyitike, mwandishi aliyeitangaza kazi ya Daktari. Ni kweli, niliitangaza. Almanusura niiue.

Daktari ni mwanabiokemia. Maisha yake yote ya kazi ameuliza swali moja: seli za kinga zilizomo katika damu yetu huambianaje kwamba adui ameingia? Mwaka 2006 alinieleza kwa saa mbili. Niliitikia kwa kichwa kila sentensi, jambo ambalo mwandishi hulifanya asipoelewa. Kesho yake gazeti likatoka na kichwa changu cha habari: "MTAFITI ABAINI SELI ZINAPEANA TAARIFA ZA SIRI."

Ndugu zangu, katika mji huu wa mpakani, ni seli gani tunayoijua? Kabla ya saa sita mchana mama mmoja, Roda, alifika maabara na hotpoti ya chakula. "Daktari, kwa kuwa unawasiliana na huko seli, mwambie mwanangu Lusubilo wakili amepatikana."

Kwa Roda tulicheka. Kule Kamsamba, kwa wafugaji alikokuwa akikusanya damu ya utafiti, hapakuwa na wa kucheka. Daktari alihitaji damu ya watu mia mbili kabla mvua hazijafunga barabara, la sivyo utafiti ungesitishwa, naye alikuwa amepata sitini na mmoja. Gazeti lilipofika, mikono ya mashati iliyokwisha kukunjwa ikashushwa. "Mnataka mkailinganishe damu yetu na ya wezi wa ng'ombe," mzee mmoja, Boazi, alimwambia usoni.

Nikaenda kurekebisha. Nilisimama mbele ya mkutano, nikakohoa, nikatamka: "Ndugu wananchi, seli hizi hazina polisi. Zenyewe ndizo polisi!"

Nusu ya mkutano iliondoka.

Daktari hakunikemea. Aliketi chini karibu na bibi mmoja mfugaji, Priska, akamwuliza: "Bibi, ng'ombe aliyepona homa ya ndigana, kupe wakimrudia inakuwaje?"

"Hasumbuki tena. Damu imeshajua."

"Imejuaje?"

Bibi akafikiri. "Mwanangu, hilo nani ajuaye?"

"Ndilo linalonitoa nyumbani, bibi. Kwa ng'ombe na kwetu sisi."

Priska akakunja mkono wa gauni lake. "Haya, chukua. Ila huyu baba wa gazeti akae garini."

Nilikaa garini siku nne. Walitoa damu mpaka wakafika mia mbili na kumi na wanne, na mvua ikaanza tukiwa njiani kurudi.

Ilimchukua miaka kumi na mmoja mingine kuonyesha ni protini ipi hutangulia kuziamsha seli hizo. Aliponipigia simu nilimwuliza, "Daktari, safari hii niandikeje?"

"Andika kwamba nusu bado siijui."

Nikaandika hivyo hivyo. Katika habari zote nilizoandika juu ya kazi yake, ni hiyo tu ambayo hakuirudisha na masahihisho.

Daktari, nusu hiyo sasa unawaachia wanafunzi wako. Nakutakia mapumziko mema. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza na kunivumilia. Na popote nilipokosea leo, mwenyewe yupo hapa mbele, namwona ameshashika kalamu.