Usingizi Ulionikimbia Baada ya Kupasuliwa Moyo

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na mimi niliyesimama hapa na hasira zangu. Mniombee, lakini kwanza mnisikilize.

Mimi ni Mama Neema wa Kivukoni hiki chetu cha mpunga, si kile cha Dar es Salaam. Valvu ya moyo wangu, kile kilango cha kupitisha damu, iliharibika tangu nikiwa shule, na baada ya kumzaa Neema nikawa siwezi hata kupepeta mchele bila kuhema. Nikapelekwa Dar es Salaam, wakanipasua kifua, wakaitengeneza. Nikarudi hai! Mkaimba, mkanichinjia kuku. Mungu awabariki.

Ila usingizi haukurudi na mimi. Nikifumba macho nasikia moyo unadunda, nafumbua. Niliogopa kwamba nikilala utasimama, na hakuna wa kuushtua. Shangazi yangu, aliyetoka Mahenge kuja kuniuguza, alilala chumbani kwangu taa ikiwaka, maana kwetu mgonjwa haachwi gizani. Na kila nikianza kusinzia, ananimulika tochi kifuani aone kama napumua.

"Shangazi, nipo!"

"Haya mwanangu, lala."

Nilale vipi?

Nikawa natetemeka, nalia bila sababu. Mama mkwe akaja akaona, akamchukua Neema kwenda naye kwake Michenga. "Akimwangusha mtoto tutasema nini?" Ndugu zangu, hapo niliumia kuliko kisu cha madaktari.

Na baadhi yenu, mko humu humu na mnajijua, mlikuja kuniambia imani yangu ndogo. Mmoja akasema moyo ukishafunguliwa, pepo kapata mlango. Mwanamke mwenzangu! Ananiambia hayo huku anakunywa chai yangu.

Nikaenda kliniki na shangazi, nikamweleza daktari yote. Hakunicheka. Akasema wengi waliopasuliwa moyo hupata hofu hiyo. Akapima damu yangu kwanza, kwa sababu natumia dawa ya kuzuia damu isigande, na si kila dawa inapatana nayo. Ndipo akaniandikia vidonge vya melatonini. Akasema ni kitu ambacho mwili wenyewe hutengeneza giza likiingia, ili ujue sasa ni usiku, na wangu ulikuwa umevurugika.

"Haitakupiga ukaanguka," alisema. "Inakusogeza tu. Lakini inataka giza. Nani anawasha taa?"

Shangazi akanyoosha kidole kama yuko darasani. "Mimi hapa, daktari. Na tochi pia."

Nilicheka mpaka kidonda kikauma.

Tukazima taa. Mwanzoni sikuona tofauti, nikamnung'unikia Mungu, sifichi. Halafu ikafika asubuhi moja nikaamka jua limeshapanda, shangazi yuko mlangoni anasema nimekoroma kama mashine ya kukoboa mpunga. Kulala! Ninyi mnaolala kila siku hamjui mmepewa nini. Hofu haikuondoka kwa mara moja, hata sasa inanitembelea, lakini mtu aliyelala anaweza kuikaripia.

Mikono ilipotulia nikaenda Michenga.

"Shikamoo mama. Nimemfuata mwanangu."

"Marahaba." Akanitazama mikono kwa muda mrefu. "Neema, mama yako huyo."

Mtoto akajificha nyuma ya kitenge cha bibi yake. Sikumvuta. Nilikaa mkekani, nikachambua mboga na mama mkwe, tukaongea habari za mpunga. Baadaye Neema akaja mwenyewe, akapanda mapajani, akasinzia. Jioni tulirudi wote Kivukoni.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyeniponya, na sioni aibu kusema kwamba alipitia kwenye kidonge. Wewe unayekesha na hofu yako kimya kimya, mwamini yeye, kisha nenda kaseme kliniki. Usichukue dawa ya jirani, damu yako si yake. Na ninyi mnaokwenda kuwaona wagonjwa, ombeni, kunyweni chai, halafu ondokeni mapema. Mwacheni mtu alale! Amina.