Kitako cha Mtungi Alichokikataa Tsiala

Saa mbili asubuhi, Jumapili iliyopita, kengele ya kanisa la Tsiteliveli iligongwa. Wasikilizaji wapendwa, Tsiala Khurtsidze, mwanaakiolojia, amefariki. Alikuwa na miaka sabini na moja.

Tsiala alitafuta jambo moja: ushahidi kwamba watu wa bonde letu walitengeneza mvinyo miaka elfu nane iliyopita. Ushahidi, si majigambo. Majigambo tunayo tele.

Kiangazi kimoja alifukua kwa brashi kitako cha mtungi, kimebaki kama bakuli. Hakukiosha. Masalia ya mvinyo hunasa ndani ya udongo uliochomwa, na maabara huyatafuta humo. Alikifunga, akakiacha hemani, akaenda kuita gari.

Aliporudi alikuta karamu. Murtaz, mkuu wa wilaya, alikuwa amekifungua na kukijaza mvinyo wa nyumbani kwake. Kilizunguka mdomo kwa mdomo. Mafuta ya kondoo yalielea juu.

"Dada Tsiala, njoo unywe! Babu zetu walinywea humu!"

"Babu zako walikutunzia tope miaka elfu nane," alijibu. "Wewe umelilamba."

"Haya, mmemuudhi mama wa brashi!" Murtaz akawaambia wageni. Wakacheka. Yeye akacheua, akafuta masharubu kwa mkono wa shati.

Maabara ilikuta humo asidi ya zabibu, alama ya mvinyo. Ingekosaje? Ofisi ya wilaya ikataka kutangaza kwamba ni mvinyo wa kale. Tsiala alikataa kutia sahihi. Narudia: alikataa. "Huo ni mvinyo wa Murtaz," alisema, "tena mbaya." Akanyimwa kibali cha kuchimba, hadi kufa kwake.

Binti yake, Maqvala, anasimulia: "Nilimwambia, mama, tia sahihi yaishe, urudi kazini. Akaniambia, wewe ungeoga maji aliyoogea mwenzio?"

Alhamisi, makaburini, Murtaz alitangaza kwamba kitako kile, kilichomo kabatini ofisini kwake, kitapewa jina la marehemu.

"Jina la mama yangu usiliguse," alisema Maqvala.

"Mwanangu, hiyo ni heshima."

"Ni uchafu."

Maqvala, na ukoo wote wa Khurtsidze, poleni sana. Nasi tunaoinua glasi na kutaja miaka elfu nane, tujiulize ni nani kati yetu aliyewahi kudai ithibati.

Jana saa kumi jioni nilifika ofisi ya wilaya. Kitako kimo kabatini, kimeoshwa, kinang'aa. Kibao chake ni kipya: "Mvinyo wa kale. Umethibitishwa na Tsiala Khurtsidze."