Papa Théodore, Muuza Nyama wa Nyawera Aliyetaka Kujua Kinachomla

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza, tunayemzika leo ni Théodore Murhula Balagizi, na mimi ninayesoma ni Noëlla, binti yake wa kwanza. Baba alizaliwa Mudaka tarehe 14 Februari 1963, mtoto wa tatu wa wakulima. Bibi alikuwa akisimulia kwamba neno lake la kwanza lilikuwa swali. Sijui kama ni kweli, ila aliyemfahamu hatabisha.

Alisoma shule ya msingi hapo Mudaka, kisha sekondari Kalehe kwa mjomba wake, tangu 1976 hadi 1979. Huko aliuliza darasani kwa nini nyama ya paja la kuku ni nyekundu na ya kifua ni nyeupe. Mwalimu alimwambia akae. Akauliza tena, akatolewa nje, na huko nje akajifunza kuvuta sigara. Aliziacha mwaka 2010, baada ya maman kugomba miaka yote ya ndoa yao.

Mwaka 1984 alianza kuuza nyama sokoni Nyawera, na hapo ndipo wengi wenu mlimjulia. Alipenda kumweleza mteja kila kipande kilifanya kazi gani ng'ombe alipokuwa hai, hata kama mteja ana haraka, na wengine walihamia meza ya jirani kwa sababu hiyo tu. Mchana alikula kwa Consolate Nabintu, mwenye restora ndogo nyuma ya meza yake: bugali, maharagwe na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Walitaniana kila siku, na hakuna aliyeona ubaya.

Tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na maman Christine, kanisani Mudaka. Siku hiyo bwana arusi alipotea karamuni, akakutwa jikoni akiangalia jinsi mbuzi anavyokatwa. Maman alimsamehe, lakini hakuacha kukisimulia kisa hicho.

Kikohozi kilianza Juni 2022. Januari iliyofuata hospitali ikasema ni kansa ya mapafu. Tumbo lake lilibaki vilevile, lakini mapaja na mabega yakaisha. Mjini kwetu mtu akikonda hivyo, watu hawasemi kansa. Wanasema karuho, ile sumu ya polepole, kisha wanatafuta nani alimpikia. Vidole vikamwelekea Consolate. Wateja wake wakaanza kupungua, na shangazi Eulalie, dada mkubwa wa baba, akataka baba apelekwe kwa mganga akatapishwe.

Baba alikataa. Alitaka kuona kwa macho yake. Daktari akamwonyesha picha ya scanner, ambamo mwili unaonekana kama umekatwa katikati, na baba akasahau kikohozi. Akaweka kidole kando ya uti wa mgongo, pale ambapo kwa ng'ombe hukatwa nyama laini kuliko zote.

"Docteur, hii si njo filet?"

"Njo yenyewe, Papa Théo. Na ya kwako imeanza kuisha."

Daktari alimweleza kwamba ugonjwa huo hula misuli hata mtu akiwa na kitambi, ndiyo maana mizani peke yake inaweza kudanganya. Wanaobaki na misuli mara nyingi huvumilia dawa vizuri zaidi na huishi muda mrefu zaidi, ingawa hakuna ahadi. Baba akauliza kwa nini nyama inaliwa na mafuta yanaachwa. Daktari akajibu kwamba mengine wataalamu bado wanayatafuta. Jibu hilo lilimfurahisha kuliko dawa. Alifika nyumbani akatusimulia, akarudia, mpaka maman akamwambia kwamba sasa anaringia ugonjwa.

Daktari alimtaka ale vizuri na asishinde kitandani. Basi kila alipoweza alitembea hadi Nyawera, akala kwa Consolate, kwenye meza ya mbele, soko zima likimwona. Siku ya kwanza Consolate alichukua kijiko ili aonje kabla yake, kama afanyavyo mtu anayeshukiwa. Baba akamshika mkono.

"Usionje, Conso. Miye najua kenye inanikula."

Akamaliza sahani. Sisi watoto wake tulimwogopea, na tena tulimwonea fahari.

Hakupona. Katikati ya mwaka 2024 miguu ilikataa, na Consolate akawa anamletea chakula nyumbani. Alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, kitandani kwake, maman akiwa amemshika mkono. Swali lake la mwisho lilikuwa kama picha mpya ya scanner imeshatoka. Ilikuwa bado. Inatuuma sana kwamba hakuiona.

Ameacha mjane wake, Christine, watoto wanne, mimi, Destin, Sagesse na Tatiana, wajukuu watano, dada yake Eulalie, na Consolate Nabintu, ambaye baba aliagiza atajwe hapa kati ya jamaa, kwa jina lake lote na kwa sauti ya kusikika. Chakula cha leo amekipika yeye. Shangazi Eulalie ameomba sahani ya kwanza iwe yake, na iwe haijaonjwa na mtu.

Baba, Bwana akupumzishe kwa amani. Nasi tukitoka hapa makaburini, twende tukale.